Kudhibiti volteji si kupunguza volteji

Kidhibiti volteji, au regyuleta kama wengi tunavyoiita, ni kifaa kinachotoa volteji ileile hata umeme unaoingia ukipanda na kushuka, na hata mzigo unaouvuta ukibadilika. Basi, maana yenyewe ndiyo hiyo. Ningeishia hapa kama nisingeambiwa tena, sijui mara ya ngapi sasa, kwamba regyuleta ni "kitu cha kupunguza volti".

Safari hii alikuwa kijana mwenye bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja yenye Wi-Fi, inayotumia volti 3.3) na chanzo cha volti 5. Alinitumia picha ya "regyuleta" yake: rezista mbili, moja ya kilo-omu 1 na nyingine ya kilo-omu 2, zimefuatana. Alipima katikati yake akapata volti 3.33, akafurahi, akaunganisha bodi. Bodi haikuwaka. Akaamua kwamba ni mbovu.

Bodi ilikuwa nzima. Kwa macho ya bodi, rezista zile mbili ni sawa na chanzo cha volti 3.33 kilichowekewa rezista ya omu 667 mlangoni. Ukivuta miliampea 2 tu, volti 1.33 zinapotelea humo na wewe unabaki na 2. Ukivuta 5, hubaki na kitu. Na ESP32 inaporusha Wi-Fi huweza kuvuta zaidi ya 200. Multimita ilisoma 3.33 kwa sababu yenyewe haivuti karibu chochote.

Lau angelisikiliza neno lenyewe, lingemwokoa. Dhibiti limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kushika kitu barabara kisiponyoke. Mzizi huohuo ndio uliotupa madhubuti, yaani kilichoshikika kikashika, na Waarabu wenyewe wanautumia kumwita afisa wa jeshi. Utafute ukoo wote huo, hukuti kupunguza popote. Wapo wanaolichanganya na thabiti, ambalo ni la mzizi mwingine, wa kusimama imara, ndugu wa thibitisha. Hao siwagombezi sana, maana kosa lao haliunguzi kitu: regyuleta hudhibiti ili volteji iwe thabiti, na kila neno linabaki na kazi yake. Hata hilo regyuleta la kuazima, ukilifuata hadi kwenye Kilatini, linakupeleka kwenye regula, kipande kilichonyooka cha kupigia mstari, alikotoka pia rula ya mwanafunzi. Rula haifupishi mstari. Inaunyoosha.

Ndani ya kifaa nako ndivyo kulivyo. Mna volteji ndogo ya marejeo, mara nyingi karibu volti 1.25, iliyotengenezwa isiyumbishwe na joto wala na umeme unaoingia. Kuna saketi inayochungulia kinachotoka na kukilinganisha na marejeo hayo, kisha inaiambia transista kubwa ijibane au ijiachie, kama mkono juu ya bomba la maji. Rezista mbili hazichungulii chochote. Na kama bado unashikilia kupunguza, zipo regyuleta zinazopandisha: zinapokea betri moja ya lithiamu, yenye volti 4.2 ikijaa na 3 hivi ikikaribia kuisha, na kutoa 5 muda wote huo. Hizo tuziite nini?

Ukishaelewa hivyo, kuchagua si kugumu, ila usichague kwa kuangalia namba ya volti zinazotoka peke yake. Regyuleta ya linia, yaani ile inayobana tu umeme na kugeuza ziada kuwa joto, inataka kuingiziwa zaidi ya inachotoa. 7805 (78 ni familia ya volteji chanya, 05 ni volti 5) inataka ziada ya volti 2 hivi, kwa hiyo usiipe chini ya 7. AMS1117 ya volti 3.3 hutangazwa kuwa ni ya ziada ndogo, na kweli ni ndogo ukiilinganisha na 7805, lakini ikibebeshwa mzigo kamili bado inataka volti 1.1 hadi 1.3. Volti 5 za USB zinaitosha. Betri ya lithiamu haiitoshi hata ikiwa imejaa. Tena AMS1117 yenyewe hula miliampea 5 hivi hata mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha bodi, ikiwa imelala, na betri ndogo itaisha kwa kulisha regyuleta. MCP1700 hula maikroampea 1.6 na huridhika na ziada ya volti 0.2 hivi, ila mwisho wake ni miliampea 250 na haitaki kuingiziwa zaidi ya volti 6. Kwa mikrokontrola ndogo kama ATmega328P iliyotulia, inafaa sana. Kwa ESP32 yenye Wi-Fi, tafuta ya miliampea 500 na zaidi.

Halafu joto. 7805 ikipewa volti 12 na bodi ikavuta miliampea 300, zile volti 7 zilizozidi mara 0.3 ni wati 2.1 za kuchemsha hewa. Bila alumini ya kupozea, itapanda nyuzi zaidi ya 100 juu ya joto la chumba hadi ijizime. Hapo afadhali regyuleta ya swichi, inayowasha na kuzima umeme kwa kasi badala ya kuubana, kama LM2596, lakini zungusha skrubu yake ya kurekebisha volti na upime kabla hujaunganisha bodi. Na alumini nayo ina mtego: bati la mgongoni mwa 7805 ni graundi, la 1117 ni volteji inayotoka. Nililijua hilo siku nilipozifunga zote mbili kwenye kipande kimoja.

Sasa, ndugu yangu wa rezista mbili: ulichounda kinaitwa kigawanya volteji, na umekiunda sawasawa. Kitumie kushusha ishara ya volti 5 ya sensa kabla haijafika kwenye pini ya ESP32, maana pini ya kupokea ishara haivuti karibu chochote, kama ile multimita yako. Bodi yenyewe iangalie vizuri pembeni. Ikiwa ina pini iliyoandikwa 5V au VIN, ingiza volti zako 5 hapo. Huenda regyuleta unayoitafuta tayari imechomelewa juu yake.