Kabla ya Kusema "Faiba Imekatika", Angalia Swichi

Msimu wa mvua malalamiko huongezeka, hasa kutoka hoteli na majengo ya ofisi, kuanzia Njiro hadi Sakina hapa Arusha: "faiba imekatika", yaani ile kebo ya nyuzi za kioo inayoleta intaneti kwa mwanga. Mara nyingi fundi akifika anakuta kebo ni nzima na tatizo liko kwenye swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa kompyuta na vifaa vingine, ndani ya jengo la mteja mwenyewe.

Mwanga haupiti ndani ya swichi hizi. Unaishia kwenye moduli, kile kidude cha chuma kilichochomekwa kwenye tundu, ambacho huugeuza kuwa umeme. Swichi husoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa kinachotumiwa data, huangalia kwenye jedwali lake kipo tundu gani, kisha hupeleka huko. Kama tundu hilo nalo ni la faiba, moduli yake hutoa mwanga mpya. Kwa hiyo umeme ukikatika na huna UPS (betri ya akiba), hakuna intaneti, hata kebo iwe nzima. Mvua hailowanishi mwanga, jamani. Maji yakiingia kwenye viungio vya barabarani, hilo ni la mtoa huduma.

Kinachotuchosha ni pachi kodi, zile kebo fupi za faiba za kuunganishia vifaa, za kuokoteza. Ya njano kwa kawaida ina kiini (njia ya mwanga katikati ya uzi) cha maikromita 9, ya chungwa 50 au 62.5, ukiziunga pamoja mwanga mwingi unapotea. Kichwa cha kijani kimechongwa kwa pembe ya digrii 8, cha bluu hakina pembe hiyo, hivyo usivilazimishe kuonana. Ncha ikiguswa na kidole tu imeshachafuka, na shati si kitambaa cha kuisafishia. Usichungulie ndani: mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.

Intaneti ikikata, usichomoe kitu. Piga picha ya swichi taa zikionekana, andika saa, toa taarifa kwa mtoa huduma na udai namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, ndipo uende TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, ukiwa na namba hiyo, picha na mawasiliano yote ya maandishi. Kwenda huko kabla ya kumpa mtoa huduma nafasi ya kushughulikia ni kujichelewesha.

Wenye majengo, hakikisheni fundi wa kufunga vifaa ana leseni na vifaa vimeidhinishwa na TCRA. Matakwa hayo yanatokana na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kuyakiuka ni kosa. "Niliuziwa dukani" si utetezi.