Je, wajua mradi wa kulinda watetezi wa haki unapimwaje, wakati mafanikio yake ni kitu ambacho hakikutokea?

Mradi wa kisima hausumbui kuupima, unaenda kijijini unafungua bomba, maji yakitoka umeona, yasipotoka umeona pia. Sasa kuna hii miradi ya kulinda watetezi wa haki za binadamu na asasi za kiraia, wenyewe wanaziita azaki, ambayo kazi yake ukiiangalia vizuri ni kuhakikisha mambo fulani hayatokei: mtu asipigwe, asibambikiwe kesi, ofisi isivamiwe, mwandishi asiache kuandika kwa hofu. Alafu miaka mitatu ikiisha anakuja mtathmini na laptop yake, anashukia stendi Mbeya au Iringa, anauliza haya, mmefanikiwa? Sa utamwonesha nini, kipigo ambacho hakikupigwa?

Kwanza tuelewane mtetezi ni nani, maana wengi wanadhani lazima awe wakili au mtu wa NGO mwenye kitambulisho shingoni. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi, lililopitishwa 9 Desemba 1998, siku moja kabla ya Tamko la Haki za Binadamu kutimiza miaka 50, halidai cheo wala kadi, linasema kila mtu, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kutetea haki. Kwahiyo msaidizi wa kisheria pale Rujewa anayewaandikia wajane barua za mirathi yumo, mkulima wa Mbarali anayenyoosha mkono mkutano wa kijiji kuuliza mpaka wa hifadhi umefikaje shambani kwake yumo, na yule dada wa redio ya jamii anayefuatilia ubakaji wa watoto mpaka mahakamani yumo pia, hata kama mwenyewe hajawahi kujiita mtetezi. Hapa Tanzania kuna Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, ulioanza 2012, Kampala wapo DefendDefenders tangu 2005, na Umoja wa Ulaya una mfumo wake wa ProtectDefenders.eu tangu 2015. Wanachofanya kinafanana sana: wakili wa dharura, matibabu, nauli na mahali pa kumficha mtu kwa muda, mafunzo ya usalama wa simu, na kupigia kelele sheria mbaya.

Sasa kwa nini kupima ni kugumu? Chukua neti. Ukienda Kyela kwenye joto na mbu, mtu aliyelala ndani ya neti asiugue malaria huwezi kuapa kwamba ni neti, labda angekuwa mzima tu. Lakini kwa neti watafiti wana njia, wanagawa vijiji, hivi vinapata leo vile vinasubiri, baada ya muda wanahesabu wagonjwa pande zote mbili. Kwa watetezi hiyo haiwezekani, nani atasema hawa ishirini tuwalinde na wale ishirini tuwaache tuone watakavyofanywa? Hakuna mtu mwenye akili timamu atasaini hiyo karatasi. Kwahiyo njia ya kulinganisha imekufa hapo hapo na inabidi utafute nyingine.

Wengi wanakimbilia idadi. Watu 140 wamepewa mafunzo, simu 60 zimepokelewa, kesi 12 zimepata wakili (hizi za kwangu ni za mfano tu). Kwenye ripoti zinapendeza, tatizo ni kwamba hazina mwelekeo. Tuseme simu za dharura mwaka jana zilikuwa 60 na mwaka huu ni 20, ni habari njema? Inawezekana hatari imepungua. Inawezekana pia watu wameogopa wakanyamaza, wameacha kazi kabisa, mtu aliyeacha kufuatilia mgogoro wa ardhi hana sababu ya kupiga simu ya dharura. Au simu yenyewe haipokelewi saa nane usiku wakaichoka. Namba ni ile ile 20, maana tatu tofauti kabisa, na bila kwenda kukaa na watu huwezi kujua ni ipi. Mimi ripoti ikiwa na majedwali mengi na hakuna mahali mtu ameelezea kwa nini namba imepanda au kushuka huwa naiwekea alama ya kuuliza mapema sana.

Kitu chenye maana zaidi kuliko idadi, kwa maoni yangu, ni masaa. Mtu amekamatwa Ijumaa jioni Makambako, wakili amefika lini? Ijumaa usiku au Jumatatu saa nne asubuhi? Hapo ndo kuna tofauti yote, maana mabaya mengi yanatokea kwenye hizo siku mbili za katikati ambazo hakuna anayejua mtu yuko wapi. Na mtathmini akiingia kwenye mafaili atakuta jambo moja linaudhi kweli: pesa ya dharura imechelewa kwa sababu ya risiti. Mtetezi ametoka kwake usiku kwa bodaboda, akalala kwa shemeji yake Uyole, alfajiri akapanda gari ya mizigo, alafu mhasibu anamuomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jamani, bodaboda wa saa saba usiku ana mashine ya EFD? Mradi uliojipanga unakuwa na utaratibu wa maandishi unaokubalika na mfadhili kabla shida haijatokea, kwamba kwa kesi za hivi maelezo yaliyosainiwa na watu wawili yanatosha. Usiojipanga, mtetezi anajilipia mwenyewe na mradi unaandika umemsaidia.

Swali la pili ni je, aliyesaidiwa alirudi kazini? Kumtoa mtu Iringa ukamweka salama mkoa mwingine miezi mitatu ni jambo jema, yuko hai, lakini kama baada ya hapo amefungua genge la nyanya na hataki kusikia neno haki, basi umemuokoa mtu na aliyemtisha amepata alichotaka. Simlaumu hata kidogo mwenye genge, ningekuwa mimi huenda ningefanya hivyo hivyo. Ila ripoti inatakiwa iseme ukweli huo badala ya kumhesabu kama ushindi mzima.

Alafu kuna suala la kinga kuendana na hatari yenyewe, na hapa Nyanda za Juu tuna mfano mchungu. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye tukio la chama cha upinzani, CHADEMA. Ilikuwa mchana kweupe, wenzake wapo, kamera zipo, na picha zilizosambaa zinamwonesha amezungukwa na askari. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Sasa jiulize kama mtathmini, ni shughuli gani ya mradi wa kawaida ingemfikia Mwangosi siku ile? Mafunzo ya kuweka nywila ngumu kwenye simu? Nyumba ya kujificha? Hakuna. Kilichohitajika ni askari kujua mwandishi akiwa eneo la vurugu anatendewaje, na wakubwa wao kujua kuna kuwajibika. Ndo maana mradi ambao umetumia bajeti yote kuwafundisha watetezi namna ya kujilinda, bila kukaa hata siku moja na polisi, hakimu na mkuu wa wilaya, mimi nauona umelinda upande mmoja tu.

Kuna njia moja inaitwa uvunaji wa matokeo, aliyeianzisha ni Ricardo Wilson-Grau na wenzake, na imewafaa sana watu wa miradi hii kwa sababu inaanza kinyumenyume. Huanzi na mpango ukauliza umetekelezwa asilimia ngapi, unaanza na badiliko lililoonekana, mfano OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, fulani sasa hivi anawapigia simu wasaidizi wa kisheria mwenyewe, alafu unarudi nyuma kama mpelelezi, nani alichangia, ushahidi upo wapi, na mtu asiye wa mradi anakubali au anabisha? Huyo wa kubisha ni muhimu. Na mtu mwaminifu ataandika tumechangia, hataandika tumesababisha, maana labda OCD amebadilika kwa sababu kahamishwa wa zamani kaja mwingine, basi.

Wafadhili wengi bado watataka vile vigezo sita vya kupima miradi vya OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri, yaani kama mradi ulihitajika, unaendana na kazi za wengine, umefikia malengo, umetumia pesa vizuri, umeacha athari na utadumu. Ni sawa, ila hicho cha kudumu kina utani wake. Agosti 2020 akaunti za benki za THRDC zilizuiwa, shughuli zikasimama mpaka zilipofunguliwa mwaka uliofuata. Kwahiyo ukipima kudumu usiulize tu pesa ya mfadhili ikiisha itakuwaje, uliza pia pesa ikiwepo lakini haishikiki itakuwaje, je, wasaidizi wa kisheria wa Tukuyu na Mafinga wanafahamiana kiasi cha kuchangiana nauli?

Sasa sehemu ambayo watu wanaisahau, tathmini yenyewe inaweza kumuumiza mtu. Gari jeupe lenye nembo mlangoni linasimama mbele ya nyumba ya mama ambaye kijiji kizima kinajua ana ugomvi na vigogo wa ardhi, linakaa saa mbili, likiondoka yeye anabaki. Au ile karatasi ya mahudhurio, tunaijua wote, jina, kijiji, namba ya simu, sahihi, ili posho itoke, inazunguka ukumbini mkono kwa mkono alafu inasahaulika juu ya meza ya ukumbi wa kukodi. Hiyo ni orodha kamili ya watetezi wa wilaya nzima, imeandikwa na wao wenyewe, na kila mtu kaweka namba yake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria hilo lilikuwa la akili ya kawaida. Watathmini makini wanatumia alama badala ya majina, wanakutana na watu mjini kwenye shughuli zao za kawaida kama siku ya gulio, na wanaandika ripoti mbili, moja ya kusambazwa na moja ya watu wachache.

Na majibu nayo yanahitaji sikio. Ukimuuliza yule mama, shikamoo mama, mradi ulikusaidia? Atakwambia marahaba mwanangu, walinisaidia sana, Mungu awabariki. Atasema hivyo hata kama wakili hakutokea, kwa heshima tu, na kwa kuogopa kwamba akilalamika msaada utakatika. Muulize badala yake, siku ile ulipopata matatizo ulimpigia nani wa kwanza? Akikutajia mchungaji, alafu kaka yake, alafu balozi wa nyumba kumi, na mradi hautajwi mpaka umkumbushe, hapo umeshapata matokeo yako, na wala si lazima yawe mabaya, huenda mradi ujao upeleke pesa na mafunzo kwa huyo mchungaji na huyo kaka.