Hipnosi na maumivu ya mwili: kinachobadilika na kisichobadilika

Mgonjwa wa maumivu anayeelekezwa kwangu mara nyingi hufika akiwa amekwisha kuvunjika moyo, si kwa ugonjwa pekee bali pia kwa kule kuambiwa aende kumwona mwanasaikolojia, jambo analolichukua kuwa ni njia ya adabu ya kumwambia kwamba anajifanya. Kwa sababu hiyo, kabla sijataja hipnosi, yaani tiba ya kukusanya umakini wa mtu na kumpa mapendekezo kwa maneno, humhakikishia kwamba maumivu yake ni ya kweli, na kwamba maumivu yote, yawe ya mfupa uliovunjika jana au ya mgongo uliomsumbua miaka mingi, hukamilika katika ubongo. Kidonda hupeleka taarifa kupitia mishipa ya fahamu na uti wa mgongo, lakini ni ubongo unaozipima taarifa hizo pamoja na hofu, kumbukumbu na umakini wa wakati huo, ndipo mtu akahisi kwamba anaumwa. Mchezaji wa mpira aliyechanika mguu huweza kumaliza kipindi kizima bila kujua, akaanza kuchechemea baada ya filimbi ya mwisho ilhali kidonda ni kilekile. Hipnosi hufanya kazi katika hatua hiyo ya upimaji. Kidonda chenyewe haikigusi.

Wengi hudhani kwamba hipnosi ni usingizi, na wengine huihusisha na mambo ya majini au na maonyesho ya jukwaani ambamo watu hufanywa kichekesho, maonyesho ambayo kwa maoni yangu yameidhuru tiba hii kuliko hoja za wapinzani wake wote. Katika chumba changu mgonjwa yuko macho kwa maana ya kwamba husikia kila neno, huweza kunijibu, huweza kukataa pendekezo lisilomfaa na huweza kuinuka aondoke. Kinachotofautiana na hali ya kawaida ni kwamba umakini wake umekusanyika mahali pamoja, mambo ya pembeni yamefifia, na maneno yanayopendekeza hisia fulani humfikia kwa urahisi zaidi.

Matumizi yake katika maumivu yana historia ndefu. James Esdaile, daktari mpasuaji wa Kiskoti, alianza mwaka 1845 kuwapasua wagonjwa huko Hooghly, Bengal, wakati ambapo dawa ya nusukaputi ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Kabla ya upasuaji, wasaidizi wake walimpitishia mgonjwa mikono juu ya mwili kwa saa nyingi ili asihisi maumivu, njia iliyoitangulia hipnosi ya leo, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanaume wenye mavimbe makubwa ya korodani yaliyosababishwa na matende, maradhi ambayo wasomaji wa pwani yetu wanayafahamu vyema. Oktoba 1846 etha, dawa ya nusukaputi, ilionyeshwa hadharani Boston, mwaka uliofuata nyingine, klorofomu, ikaanza kutumika Edinburgh, na njia ya Esdaile ikasahaulika. Naona ilikuwa haki, kwa kuwa etha humlaza kila mtu ndani ya dakika chache, na hipnosi haina uwezo huo.

Jaribio ninalolieleza kwa madaktari wenye shaka ni lile la Pierre Rainville na wenzake wa Montreal, Kanada, lililochapishwa mwaka 1997. Washiriki walitumbukiza mkono katika maji ya moto yapatayo nyuzi 47, huku mashine ikipima shughuli za ubongo wao. Chini ya hipnosi walipewa mapendekezo ya kuongeza au kupunguza kero ya maumivu, yaani ule ubaya wake, bila kuguswa ukali wake. Kero ilipanda na kushuka kulingana na maneno, na shughuli katika singuleti ya mbele, sehemu ya ubongo inayohusika na uzito wa hisia kwa mtu, ikapanda na kushuka pamoja nayo. Sehemu inayosajili mguso na joto haikubadilika hivyo. Baadaye watafiti hao walipopendekeza kwamba ukali wenyewe upungue, ni ile sehemu ya kusajili iliyobadilika. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba pendekezo halimfanyi mtu atoe jibu la kumfurahisha daktari tu, na kwamba ukali na kero vinaweza kushughulikiwa kila kimoja peke yake. Mwaka 1975 ilikuwa imekwisha kuonekana pia kwamba nalokseni, dawa inayozuia kazi ya mofini, haiondoi nafuu ya hipnosi, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mwili unajitengenezea mofini yake.

Tofauti hiyo ndiyo inayoniongoza ninapochagua maneno. Aliyeungua na anayehitaji kusafishwa kidonda kila baada ya siku chache hupata maumivu makali ya muda mfupi, na kwake nalenga ukali. Nitamwomba atulize macho mahali pamoja, afuatilie pumzi zake, kisha aniambie mahali alipowahi kuhisi baridi ya kupendeza. Mahali hapo sipachagui mimi. Aliyekulia Lushoto atataja ukungu wa alfajiri, wa Mwanza atataja maji ya ziwa kabla jua halijachomoza, na baridi yake mwenyewe humshika kuliko yoyote ambayo ningeibuni mimi. Ndipo humwambia taratibu, "Mama, mkono wako wa kulia umo ndani ya maji hayo, unaanza kupoa kuanzia kwenye ncha za vidole, na kadiri unavyopoa ndivyo unavyokuwa mzito na kufa ganzi." Ganzi ikifika kwenye kifundo, kana kwamba amevaa glavu, anauweka mkono huo karibu na mahali panapouma, na ganzi inahamia hapo. Mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu nampeleka njia nyingine, kwa sababu lengo lake ni kulala usiku na kurudi kazini. Hapo hupendekeza kwamba hisia ibaki lakini isimwite tena, isimtishe, isogee mbali hadi pembeni ya mawazo yake.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya majaribio 85 ya maabara yenye washiriki 3,632, ulionyesha kwamba watu wepesi wa kupokea mapendekezo walipunguziwa maumivu kwa asilimia 42, na wa wastani kwa asilimia 29, huku wagumu wakinufaika kidogo sana. Wepesi huo ni tabia inayopimika, na hauna uhusiano na akili ndogo wala udhaifu wa imani, asiyefanikiwa asilaumiwe. Liège, Ubelgiji, tangu 1992 madaktari wameunganisha hipnosi na ganzi ya sehemu pamoja na dawa kidogo za kutuliza katika upasuaji wa tezi ya shingo, na mgonjwa hubaki na fahamu zake. Elvira Lang na wenzake, mwaka 2000, waliwafuatilia wagonjwa 241 waliokuwa macho wakitibiwa mishipa ya damu na figo: katika huduma ya kawaida maumivu yaliongezeka kadiri muda ulivyokwenda, lakini kwa waliopata hipnosi wakiwa mezani pa matibabu hayakuongezeka, na muda wa tiba ulipungua kutoka wastani wa dakika 78 hadi 61. Lang alionyesha pia baadaye kwamba kumtahadharisha mgonjwa kwa maneno kama "hapa patauma" huongeza maumivu na wasiwasi. Natamani kila muuguzi anayechoma sindano alijue hilo, kwa kuwa halihitaji kifaa wala fedha.

Pamoja na hayo, simfanyii hipnosi mtu ambaye chanzo cha maumivu yake hakijatafutwa. Maumivu ya tumbo yaliyoanza ghafla, ya kifua, au ya kichwa yasiyofanana na mengine, yanahitaji daktari haraka, maana kuyatuliza kabla ya vipimo ni kuficha onyo. Aliye katika hali ya kusikia sauti zisizokuwepo au kuchanganyikiwa naye simfanyii. Wala simwambii mgonjwa wa saratani aache mofini. Dawa zikipunguzwa, anayeamua ni daktari aliyeziandika. Mtoa hipnosi awe kwanza mtaalamu wa afya aliyefunzwa kutibu maumivu kwa njia nyingine pia, na anayeahidi uponyaji aepukwe.

Tangu kikao cha kwanza humfundisha mgonjwa kujifanyia mwenyewe, kwa kuwa maumivu hayasubiri siku ya miadi. Humrekodia maelekezo katika simu yake, na humsihi ayafanyie mazoezi hasa siku ambazo maumivu ni madogo, kwani anayejaribu kwa mara ya kwanza akiwa katikati ya maumivu makali huwa hana umakini wa kutosha wa kuukusanya. Mgonjwa huandika pia katika daftari ukali na kero, kila kimoja kwa namba yake kuanzia 0 hadi 10, kabla na baada ya zoezi. Baada ya wiki chache huwa tunaona ni kipi kinachoshuka, na hapo ndipo ninapojua kama tuendelee na baridi ya mkono au tubadilishe maneno.