Bonge si lainimeni: dhana za laini ya ofensi ambazo nimechoka kuzisikia

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, nawaheshimu sana, lakini hii ya "kocha, kijana wangu ana mwili, we mwangalie tu, si NFL (ligi kuu ya futboli ya Kimarekani) wanatafuta mabonge wa kuweka kwenye laini?" naomba ife mwaka huu. Naisikia kwa Wakongo, kwa Wakenya, kwa Watanzania na kwa Wamarekani wenyewe, na juzi kuna mama kaniambia kamwachisha mtoto basketi ili asipungue kilo, nikabaki namtazama tu. Kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi vijana wa hai skuli wanaocheza laini ya ofensi, yani wale watano wa mbele wa timu yenye mpira wanaomlinda kwotabeki, mrusha pasi, kwahiyo haya siyasomi mahali, nayaona kila jioni uwanjani.

Dhana yenyewe inasema lainimeni ni mtu mnene anayeziba njia. Haya, mchukue Tristan Wirfs, teko (lainimeni wa pembeni) wa timu ya Buccaneers. Kwenye majaribio ya NFL ya Indianapolis 2020 alikuwa na kilo kama 145, akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.85, halafu akaruka juu kutoka pale pale aliposimama inchi 36 na nusu, yani karibu sentimita 93. Kilo 145 hizo! Mwambie huyo mwembamba wako anayecheza winga aruke hivyo tuone. Na Wirfs huko kwao Mount Vernon, Iowa, alikuwa bingwa wa mieleka wa jimbo na anatupa kisahani vilevile. Lane Johnson, teko wa timu ya Eagles, ndo usiseme, sekunde 4.72 akiwa na zaidi ya kilo 135, na huyu alianzia chuo kidogo cha Kilgore kule Texas akiwa kwotabeki, akaenda chuo cha Oklahoma wakamfanya taitiendi (mdaka pasi anayekaa ukingoni mwa laini), wakamhamishia difensi, upande wa kuzuia, mwisho kabisa ndo wakamweka teko, na 2013 akachaguliwa wa 4 kwenye drafti nzima, pale timu za NFL zinapogawana wachezaji wapya. Jason Kelce naye, aliyekuwa senta wa Eagles, alifika chuo cha Cincinnati bila skolashipu akiwa ranibeki (mbeba mpira), akageuzwa lainibeka (mkabaji wa difensi), laini ikaja baadae, na kwa vile alikuwa mdogo kwa senta, yule wa katikati ya laini anayeanzisha mpira, timu zote zikampita mpaka raundi ya 6 mwaka 2011, halafu akaja kuanza mechi 156 mfululizo. Jason Peters hata kuchaguliwa hakuchaguliwa 2004, alikuwa taitiendi, uteko ukaja baadae.

Hawa wote walikuwa wanariadha kwanza. Kilo, kwa wengi wao, ziliongezwa baadae, kwa makusudi, na watu wanaojua wanachofanya, juu ya miguu ambayo tayari ilikuwa inafanya kazi. Nyie mnaanza na kilo halafu mnasubiri miguu ije yenyewe, haiji.

Angalieni kazi yenyewe ilivyo. Teko wa kushoto, ofensi wanapiga pasi. Mpira ukitoka kwa senta wewe huendi mbele, unarudi nyuma, mguu wa nje unasogea kwanza na wa ndani unaufuata bila kupishana nao, magoti yamekunjwa, makalio chini, kifua kimeinuka, viganja viko tayari. Anayekuja ana kilo zake 120 na anakimbia mbele kwa nguvu zote, kwotabeki wako yuko mgongoni humwoni, na unatakiwa umcheleweshe huyo jamaa sekunde mbili na nusu, tatu hivi. Ukinyoosha magoti umekwisha, ukitanguliza kichwa anakushika mikono anakuvuta unaenda chini kama mzigo, ukirusha mikono mapema anaipangua, ukichelewa ameshakuingia kifuani, na ukimng'ang'ania jezi kwa nje refa anatupa kitambaa, holding, yadi 10 zimeondoka. Ukijumlisha pasi na mipira ya kukimbia, unapambana mara kama 60 mechi moja, ukipatia 59 hakuna aliyekuona, ile moja ndo inarudiwa kwenye TV polepole kutoka pembe nne.

Ndo maana kijana akiletwa kwangu simuulizi ananyanyua chuma kiasi gani kifuani. Namwambia achuchumae, nyayo zote chini, akae hapo. Mabonge wengi visigino vinanyanyuka hapo hapo au wanaanguka nyuma, maana kifundo cha mguu hakikunji na nyonga imekakamaa kwa kukaa kwenye kochi na gemu. Akipita hapo nampa kamba aruke. Baba mmoja aliniuliza kwa hasira kama nimewaita kucheza michezo ya watoto wa kike, nikamwambia ndio, na mwanao haiwezi.

Na hiyo poda ya kuongeza mwili mnayonunua kwenye ndoo, jamani. Mtoto wa miaka 15 anashindiliwa poda, soda, ugali usiku wa manane, anapanda kilo 20 kwa mwaka, kocha anamsifia "big boy", halafu daktari anampima presha iko juu na magoti yanamuuma kupanda ngazi. Hizo kilo hazimsukumi mtu yeyote. Ushauri wangu ni uleule kila siku na najua mmeuchoka: mieleka wakati wa baridi, basketi, kamba, alale mapema. Mieleka hasa. Stephen Neal hakucheza futboli chuo kabisa, alikuwa mwanamieleka wa Cal State Bakersfield, bingwa wa dunia 1999, timu ya Patriots wakamfundisha ugadi, nafasi ya laini kati ya senta na teko, na akaondoka na Super Bowl (fainali ya NFL) tatu. Mnieleze poda gani inafanya hivyo.

Zingine nazipitia haraka.

"Akichaguliwa drafti tumetoboa." Drafti ina raundi 7 na timu inabaki na watu 53, wengine wanakatwa mwisho wa Agosti na mabegi yao. Chama cha wachezaji wenyewe wanasema wastani wa kucheza NFL ni miaka kama 3.3. Mshahara wa chini wa mgeni 2025 ulikuwa dola 840,000, hela nzuri sijakataa, ila unaipata kwa kila wiki ya msimu uliyopo kwenye timu, ukikatwa Septemba huwezi kudai ya Desemba labda kama mkataba wako umedhaminiwa, na mingi haijadhaminiwa yote. Pensheni nayo inataka misimu mitatu. Msikope nyumba kwa drafti.

"Laini hawalipwi, hela zote za kwotabeki." Hii ni ya zamani. Wirfs 2024 kasaini miaka mitano kwa dola milioni 140 na kidogo, Penei Sewell wa Detroit mwaka huohuo milioni 112 kwa miaka minne. Anayemlinda mtu wa milioni 50 kwa mwaka lazima alipwe, hesabu hiyo hata duka la mtaani wanaijua.

"Ni wa nguvu tu, akili hakuna." John Urschel alikuwa gadi wa Ravens huku anasoma PhD ya hesabu chuo cha MIT, sasa anafundisha hapohapo. Na hata asingekuwepo yeye, senta ndo anayesoma difensi na kuwapangia wenzake nani amchukue nani, kelele za watu 70,000 zikiwa juu, saa inahesabu.

"Helmeti nzuri inazuia ubongo kuumia." Hapa naomba tusidanganyane. Helmeti inazuia fuvu kupasuka, ubongo ndani unatikisika vilevile. Watu wa laini wanagongana karibu kila mpira unapoanza, migongano midogo midogo ambayo haimwangushi mtu na hakuna anayeihesabu. Mike Webster, senta wa Steelers, alifariki 2002 akiwa na miaka 50, na ni daktari Mnaijeria, Bennet Omalu, aliyekuta CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, kwenye ubongo wake. Utafiti wa 2017 ulikuta CTE kwenye bongo 110 kati ya 111 za waliocheza NFL. Nyingi zilitolewa na familia ambazo tayari zilikuwa na wasiwasi, kwahiyo usiseme kila mchezaji anayo, lakini usiseme pia helmeti ya dola mia sita imemaliza tatizo. Siku mbili baada ya utafiti ule kutoka Urschel alistaafu, ana miaka 26. Mzazi akiniuliza kuhusu hili simbembelezi, namwambia akae na kijana waongee kabla ya kusaini fomu, na kocha anayegonganisha watoto kila siku ya mazoezi mkimbieni.

"Wakistaafu wanabaki vile vile wanene." Joe Thomas, teko wa Browns, aliyekuwa uwanjani kila ofensi yao ilipoanza mpira, mara 10,363 mfululizo bila kutoka nje hata mara moja, alistaafu 2018 akapungua kilo zaidi ya 20. Alan Faneca, aliyekuwa gadi, alipungua akakimbia marathoni ya New Orleans 2014. Walikuwa wanalazimisha kula ili wabaki na ule uzito, wakiacha kulazimisha unashuka. Kwa aliyenenepa toka utotoni kwa soda ni habari nyingine.

"Kachelewa, ana miaka 16 hajawahi kushika mpira." Jordan Mailata alikuwa na 21, mcheza raga wa Sydney, hajacheza mechi hata moja ya futboli, Eagles wakamchukua raundi ya 7 mwaka 2018, leo ni teko wao wa kushoto na Super Bowl anayo. Mkenya Daniel Adongo naye alitoka raga akaingia Colts 2013, ila yeye alikuwa lainibeka na hakudumu. Kwahiyo huyo wa 16 mleteni, aje na viatu vya kukimbilia, na ile ndoo ya poda iacheni nyumbani.