Kabla hujasema msimu wa mafua umeingia Arusha

Juni ikifika na ukungu ukashuka kutoka Meru, kauli mjini huwa moja: mafua yameanza. Huenda ni kweli. Ila baridi hiyo hiyo huwafanya watu wafunge madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani, na kikohozi cha moshi hakina kirusi. Pia virusi vinavyoleta mafua ni vingi, na influenza ni kimoja tu kati yao. Neno "mafua" kwenye rejista ya OPD, yaani ya wagonjwa wa nje, halitoshi kuchora msimu.

Ili mgonjwa ahesabiwe kuwa na dalili za influenza, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka masharti matatu: homa iliyopimwa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi, na dalili zilizoanza ndani ya siku 10. Hapo kwenye "iliyopimwa" ndipo tunapopoteza wagonjwa wengi. Anayehudumu anagusa paji la uso, anaandika "homa", basi. Au mama amempa mtoto panadoli alfajiri, saa nne kipimajoto kinasoma 37.2. Huyo usimhesabu, lakini andika kwenye maelezo dawa ilimezwa saa ngapi. Wa aina hiyo wakizidi utajua kwa nini hesabu yako iko chini. Kosa jingine ni kumwondoa mgonjwa kwa sababu kipimo cha malaria kimetoka chanya. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Akitimiza masharti, mhesabu.

Hesabu kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, na kila mara gawanya kwa wagonjwa wote wa nje wa wiki hiyo. Tuseme kituo kimeona watu 640, kati yao 48 wametimiza masharti: asilimia 7.5. Wiki inayofuata ina sikukuu, wamekuja 400 na waliotimiza ni 36. Kwa idadi tupu utasema ugonjwa umepungua, kumbe umepanda hadi asilimia 9. Wiki moja peke yake isikutikise; angalia wastani wa wiki tatu.

Sampuli ya puani ndiyo inayokata maneno. Chagua wagonjwa kwa utaratibu, kwa mfano wawili wa kwanza kila siku ya kazi, maana ukichukua waliozidiwa tu utakuwa unapima kitu kingine. Siku tatu au nne za mwanzo ndizo nzuri, virusi vikiwa vingi puani. Tumia kijiti cha nyuzi za plastiki. Cha pamba chenye mti huweza kuharibu kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Mgonjwa aegemeze kichwa nyuma kidogo. Kijiti kiende sambamba na sakafu ya pua kuelekea usawa wa sikio, kisipande juu kuelekea jicho. Ukigusa ukuta wa nyuma, mgonjwa macho yakilengwa machozi, tulia sekunde chache, zungusha, toa taratibu. Kivunje ndani ya kichupa chenye majimaji ya kuhifadhia virusi, kisha andika namba na tarehe hapo hapo, kabla hujamwita mwingine.

Kuanzia hapo unashindana na saa. Sampuli ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 na ifike maabara ndani ya saa 72. Ya Ijumaa asubuhi ikilala kwenye friji hadi Jumatatu mchana, muda umekwisha kabla haijapanda gari la Dar es Salaam. Kwa hiyo panga siku za kuchukua kulingana na siku za usafiri. Wala usiokoe hali kwa kuiweka kwenye frizaa ya kawaida: nyuzi 20 chini ya sifuri huharibu virusi vya influenza. Kama lazima igandishwe, ni nyuzi 70 chini ya sifuri.

Majibu yakirudi, sampuli 5 chanya kati ya 20 ni asilimia 25, na hapo unaweza kuanza kuzungumza. Mbili kati ya nne ni asilimia 50, ila haikuambii kitu.

Chora kila mwaka kwa rangi yake, na 2020 na 2021 usizitie kwenye wastani wa kawaida, kwani UVIKO-19 ulivuruga miaka hiyo. Usiutafute mlima mmoja kama wa Ulaya. Ukanda wetu huweza kupata vilele viwili, kingine kikaangukia mvua. Hilo lina uzito, kwa sababu WHO hupendekeza aina za virusi vya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kaskazini ya dunia na Septemba kwa kusini. Mji ulio nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta hauwezi kuchagua chanjo ipi kati ya hizo kwa kutazama ramani. Unachagua kwa kutazama vilele vyake wenyewe, vya miaka kadhaa.