Thina Haijali Kipupwe: Kupulizia Gitaa Laka ya Nitro Wakati wa Baridi

Kila kipupwe kikiingia swali hili linarudi, na jibu la uongo limeshikamana nalo: "Baridi kama hii thina haiwezi kushika moto, si ndiyo?" Linaulizwa Njombe, linaulizwa Limuru, linaulizwa na ndugu zetu wa Minnesota na Toronto wanaotengeneza magitaa ndani ya gereji huku nje theluji imejaa. Jibu ni hapana. Laka ya nitro, yaani vanishi ya nitroselulosi inayopuliziwa kwenye magitaa, iliyochanganywa na thina inashika moto kwenye karibu kila baridi ambayo fundi anaweza kusimama nayo akiwa na bunduki ya kupulizia mkononi. Nimechoka kuona jambo hili likijadiliwa kana kwamba ni suala la maoni.

Twende kwenye tarakimu. Kila kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia laka, kina joto lake la chini kabisa ambapo mvuke unaotoka juu yake unatosha kuwaka ukikutana na cheche. La asetoni ni nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. La asetati ya ethili ni nyuzi 4 chini ya sifuri. Toluini ni nyuzi 4 juu ya sifuri, na asetati ya butili ni kama nyuzi 22. Thina ya laka ni mchanganyiko wa vitu vya ukoo huu. Fundi anaisoma ile 22, anatazama kipimajoto ukutani kinachoonyesha 12, anajiona yuko salama. Amesahau mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mchanganyiko hauwaki kwa wastani. Kilicho chepesi kuliko vyote ndicho kinachotangulia kupanda hewani, na asetoni kidogo tu inatosha kulishusha joto la kuwaka la dumu zima. Majedwali ya vitabuni yanahusu kiyeyushi kimoja kilicho safi, na vitabu havisemi hilo kwa sauti ya kutosha. Thina ya dumu la lita 5 lisilo na lebo, iliyochanganywa nyuma ya duka, hakuna jedwali linaloijua. Mimi naihesabu kuwa petroli, basi.

La pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu hata mafundi wazoefu wanalipita. Joto hilo la kuwaka hupimwa kwa kimiminika kilichotulia kikombeni, na wewe hukiachi kitulie. Bunduki inaipasua laka kuwa matone madogo mno, na tone dogo lina uso mpana sana ukilinganisha na kilichomo ndani yake. Moto ukiligusa tone la kwanza, unalipasha na kulivukiza papo hapo, linawaka, joto lake linalivukiza la jirani, na hivyo hivyo mpaka wingu zima. Kwa hiyo ukungu wa laka unaweza kuwaka hata hewa ikiwa baridi kuliko joto la kuwaka la kimiminika chenyewe. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo: kwenye sahani baridi yanagoma kushika moto wa kiberiti, yakipuliziwa kama ukungu yanawaka. Ile namba uliyoisoma kwenye kopo, hata ingekuwa sahihi, inazungumzia hali nyingine kabisa na ile iliyo mbele ya bunduki yako.

Wanaotumia makopo ya kupulizia ya dukani wasijitoe humu. Gesi inayosukuma laka ndani ya kopo kwa kawaida ni propani na butani, au dimethili etha. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Hiyo imeshakuwa gesi ya kuwaka kabla hujaangalia hali ya hewa.

Kinachobadilika wakati wa baridi ni mwenendo wa fundi. Anafunga madirisha, anazima feni, analeta jiko ndani.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.4. Hizo ni mita za ujazo 21 na ushei. Lita 1 ya toluini ikigeuka mvuke yote, inatoa kama lita 225 za mvuke. Toluini huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 1.1 ya hewa. Gawanya 225 kwa 0.011 unapata lita elfu 20, yaani mita za ujazo 20. Lita moja, chumba kizima. Na mtu anayepiga mikono mitatu ya laka kwenye gitaa, akasafisha na bunduki yake kwa thina humo humo, anaikaribia lita hiyo bila kujua.

Tena hesabu hiyo inakuonea huruma, maana inachukulia kwamba mvuke umeenea sawasawa. Hauenei. Mvuke wa asetoni ni mzito mara 2 kuliko hewa, wa toluini mara 3. Unashuka sakafuni, na kwenye chumba kilichofungwa kisicho na upepo unatulia pale chini kama maji ndani ya beseni. Hapo huhitaji lita nzima; kikombe kimoja cha bunduki kinaweza kutosha kuifikisha hewa ya magotini kwenye kiwango cha kuwaka huku ya usoni ikionekana safi. Pua yako iko juu, na barakoa yenye kichujio cha mkaa inakuondolea hata ile harufu ndogo iliyobaki. Barakoa inalinda mapafu na ubongo, uivae kila mara, lakini haihusiani kabisa na moto. Nasisitiza hili kwa sababu kuna wanaojibu "mimi navaa barakoa" wanapoulizwa habari za jiko.

Watu wanataka kujua jiko likae umbali gani. Sina namba ninayoweza kuisimamia. Mvuke unatambaa kwa kufuata mteremko wa sakafu, upenyo wa chini ya mlango na upepo wa siku hiyo. Ukilifikia jiko la chumba cha pili, moto unarudi kwa njia ile ile mpaka miguuni pako. Ninachosimamia ni kwamba moto na laka visikae chini ya paa moja.

Na moto si lazima uwe na mwali. Asetati ya ethili inajiwasha yenyewe ikigusa kitu chenye joto la nyuzi 430 hivi, toluini 480. Makaa mekundu yanapita hapo, yakiwemo yaliyofunikwa majivu. Waya wa hita ya umeme unaong'aa unapita hapo pia. Hita ya mafuta, ile yenye mapezi, haina waya mwekundu, ndiyo maana wengi wanaiamini. Lakini thermostati yake, ile swichi inayodhibiti joto, inaweza kupiga cheche kila inapokata na kuwasha. Friji iliyowekwa gereji ni vivyo hivyo. Kwa walioko Amerika Kaskazini, mara nyingi hita ya maji ya gesi imo humo humo gereji, na nyingi zina mwali mdogo unaowaka mchana na usiku. Kabla hujapulizia, uzime na gesi yake uifunge. Swichi ya taa: washa kabla hujaanza, usiiguse tena.

Sasa feni, ambayo ndiyo kiini cha mgogoro wote wa kipupwe. Ili ukungu uondoke kabla haujakusanyika, hewa kwenye mdomo wa sehemu ya kupulizia inatakiwa iende kama nusu mita kwa sekunde. Mdomo wa mita 1.5 kwa 1.5 unataka zaidi ya mita moja ya ujazo kila sekunde. Kile chumba chetu cha mita 21 kinatolewa hewa yote kwa sekunde 20! Ndiyo kusema joto lote ulilolikusanya asubuhi kwa mkaa linatoka dirishani kabla hujamaliza upande mmoja wa gitaa. Fundi anaona hivyo, anaizima feni "kidogo tu". Namwelewa anavyoumia, lakini kuizima ni kuchagua kupulizia ndani ya bomu. Kwa jiko huwezi kuipasha hewa joto huku inatolewa. Tafuta kingine cha kupasha.

Tena feni yenyewe isiwe ile ya mezani uliyoigeuza dirishani. Mota yake inakaa katikati ya mvuke, na zenye brashi za ndani za kupitishia umeme zinapiga cheche muda wote. Mota ikae nje ya njia ya hewa na kuzungusha mapanga kwa mkanda, au iwe ya aina iliyotengenezwa rasmi kwa mazingira ya mvuke unaowaka. Ukikosa zote mbili, pulizia nje kwenye banda lililo wazi, siku isiyo na upepo wala ukungu.

Pasha ubao na laka. Bodi ya gitaa ilale usiku kucha kwenye chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Ubao unahifadhi joto kwa muda wa kutosha kupiga mkono mmoja hata hewa inayopita ikiwa baridi. Laka iwekwe kwenye ndoo ya maji ya moto yaliyochemshiwa jengo lingine, yakiachwa yapoe hadi kama nyuzi 40, kifuniko cha kopo kikilegezwa kipumue. Ikorogwe kwa kijiti kila dakika chache. Ikifika nyuzi 35 inakuwa nyepesi yenyewe, kwa hiyo unapunguza thina, na thina ikipungua mvuke unapungua. Kopo la kupulizia nalo linakubali maji hayo hayo, lakini lisivuke nyuzi 50 hata siku moja. Kuweka kopo juu ya jiko, hata "mbali na mwali", sikujadili.

Ukitaka chumba kisiwe barafu, washa jiko mapema, kisha litoke nje ya jengo likiwa na makaa yake yote kabla kopo halijafunguliwa. Kulisukuma kwenye kona si kulitoa. Feni ianze, ndipo upulizie, na iendelee angalau nusu saa baada ya mkono wa mwisho.

Usiongeze asetoni ili laka ikauke haraka. Asetoni ikivukiza inaupoza uso wa laka, unyevu wa hewa unageuka maji juu yake, na gitaa linatoka na weupe kama limepakwa maziwa. Umeharibu kazi na umeongeza hatari kwa tendo moja. Kichelewesho, yaani kiyeyushi kinachovukiza polepole, kama butoksiethanoli, asilimia 5 hadi 10, kinaondoa weupe huo, ila kinaacha mvuke ukitoka kwa muda mrefu zaidi. Baridi nayo inachelewesha: bodi ambayo kwenye nyuzi 25 ingetulia mapema, kwenye nyuzi 10 inaendelea kutoa mvuke kwa saa nyingi. Kwa hiyo usiipeleke sebuleni penye moto ikaukie pale. Nusa karibu na uso wake. Ikinuka thina, bado inavukiza.

Umeme tuli ni tatizo zaidi kwa wa Minnesota, maana hewa iliyopashwa ndani ya nyumba ni kavu sana. Kwenye ukungu wa Njombe unapungua. Vaa pamba, acha jaketi la manyoya ya plastiki, futa bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na unapomimina thina chombo cha chuma kigusane na chombo cha chuma. Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu wa kilo 6 ukae mlangoni, upande unaokimbilia.

Halafu kuna lile vumbi jeupe linalobaki kwenye mapanga ya feni na sakafuni. Hiyo ni nitro kavu, na ina oksijeni ndani ya molekuli zake, hivyo inawaka kwa kasi hata hewa ikiwa haba. Iloweshe kwanza, ikwanguliwe kwa mbao au plastiki, chuma kisiiguse, iingie kwenye ndoo ya maji. Matambara yenye laka yaingie ndoo hiyo hiyo, ila yenye mafuta ya kitani yawe na ndoo yake ya maji na mfuniko, kwa sababu hayo yanajipasha yenyewe yakirundikwa na yakikutana na nitro kavu hayangoji kiberiti.

Ubao wenyewe ukipimwa na kukutwa chini ya nyuzi 15, na huna mahali pa kuulaza upate joto, acha bunduki ipumzike mpaka baridi ipungue, au upake shelaki, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, kwa kitambaa. Spiriti yake nayo inawaka kuanzia nyuzi 13 hivi, lakini haitoi wingu.