Vitamini na madini kwa kinga ya mwili: uliza kwanza unapungukiwa nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ya lishe ni hili: ninywe vitamini gani ili kinga yangu ya mwili ipande? Kabla sijataja hata moja, nami huuliza. Unakula nini kwa kawaida? Una ugonjwa wowote wa muda mrefu? Kuna dawa unazotumia? Una ujauzito? Wapo wanaokereka, kwa kuwa walitaka jina la kidonge waondoke. Lakini jibu limo humo humo. Vitamini na madini haviipandishi kinga ya mtu ikavuka kiwango chake cha kawaida. Kazi yake ni kuziba pengo. Penye pengo, faida inaweza kuwa kubwa kiasi cha kuokoa maisha. Pasipo na pengo, faida ni ndogo au haipo, na mara nyingine huwa madhara.

Chukua vitamini A. Hii ndiyo inayotunza ngozi laini iliyotanda ndani ya pua, koo, mapafu na utumbo, yaani sehemu ambazo vijidudu hufikia kwanza. Ikipungua, ngozi ile hukauka, ute hupungua na vijidudu hupita. Katika miaka ya 1970, daktari wa macho wa Marekani, Alfred Sommer, alikuwa Indonesia akifuatilia watoto wenye macho yaliyoathiriwa na upungufu huu. Akagundua kwamba hata wale wenye dalili ndogo tu za machoni walikuwa wanafariki zaidi kuliko wenzao, wengi kwa kuhara na magonjwa ya kifua. Utafiti uliofuata huko Aceh, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba katika vijiji ambavyo watoto walipewa dozi kubwa ya vitamini A mara mbili, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 34. Ndiyo maana hadi leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto mwenye surua apewe dozi ya vitamini A siku mbili mfululizo, kulingana na umri wake.

Vitamini hiyo hiyo, ikiwa katika umbo la retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika, hulimbikizwa kwenye ini, na ikizidi kwa mama mjamzito inaweza kumletea mtoto ulemavu. Karoti na mboga za majani hazina hatari hiyo, kwa sababu mwili hugeuza betakarotini yake kuwa vitamini A kidogo kidogo kadiri unavyohitaji. Vidonge vya betakarotini ni habari nyingine: huko Finland, matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba wavutaji sigara waliovinywa walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiovinywa. Kama unavuta sigara, nakusihi usiviguse.

Vitamini C ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Ni kweli kwamba chembe nyeupe za damu huihifadhi kwa wingi, na asiyeipata kabisa hupata kiseyeye na vidonda visivyopona. Ila tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba kwa watu wa kawaida kuinywa kila siku hakuzuii mafua. Kunapunguza muda wa kuumwa kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kuianza baada ya mafua kukushika hakujaonyesha faida ya kutegemewa. Mwanamume anahitaji miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75, na mvutaji sigara aongeze 35. Chungwa moja kubwa linakaribia kumaliza hesabu hiyo. Kidonge cha miligramu 1,000 kwa mtu anayekula matunda ni sawa na kumimina maji kwenye pipa lililojaa: figo huitoa ziada kwenye mkojo, na kwa wanaume, dozi kubwa za muda mrefu zimehusishwa na mawe ya figo.

Vitamini D husaidia seli za kinga kutengeneza protini ndogo zinazoua bakteria. Wanaopungukiwa mara nyingi ni wazee, watu wanaoshinda ndani, wanaojifunika mwili mzima, na wenye ngozi nyeusi wanaoishi kwenye nchi za jua hafifu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 15 kwa siku, na 20 akivuka miaka 70. Dozi ndogo ya kila siku ni bora kuliko dozi kubwa ya mara moja. Dozi kubwa ya mara moja kwa mwaka iliwahi kujaribiwa kwa wanawake wazee, na waliopewa walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wenzao.

Zinki ndiyo ninayoizungumzia kwa muda mrefu kuliko zote. Bila zinki, tezi ya thaimasi, mahali ambapo seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, hukomalia, husinyaa. Upungufu wake kwa binadamu ulijulikana kutokana na kazi ya daktari Ananda Prasad, aliyekutana na vijana wa Iran na Misri mwanzoni mwa miaka ya 1960: wafupi mno, hawajabalehe, wakiishi kwa mkate usiotiwa hamira na nyama kwa nadra sana. Nafaka na maharage yana zinki, lakini yana pia fitati, ambayo huishika zinki isifyonzwe. Kuloweka, kuotesha au kuchachusha hupunguza fitati hizo, kwa hiyo anayekula mimea peke yake asiidharau kazi hiyo.

Mtoto anapoharisha hupoteza zinki nyingi. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza apewe ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kunywa, pamoja na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita. Wazazi wengi husimamisha vidonge siku kuhara kunapokoma. Tafadhali maliza siku zote, kwa sababu dozi kamili humkinga mtoto asiharishe tena katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Kwa watu wazima shida huwa kinyume chake, na hapo huomba mtu aje na chupa zake zote. Tunaacha maneno makubwa ya mbele, tunageuza kila chupa na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Multivitamini: zinki miligramu 15. Kidonge "cha kinga" chenye vitamini C: 25. Cha nywele na kucha: 15 tena. Jumla 55, wakati mahitaji ni 11 kwa mwanamume na 8 kwa mwanamke, na kikomo ni 40. Miezi ikipita hivyo, zinki huzuia utumbo kufyonza shaba. Shaba ikipungua, uboho hushindwa kutengeneza neutrofili za kutosha, zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria. Kidonge kilichonunuliwa kujenga kinga kinaishia kuidhoofisha.

Madini ya chuma yanahitaji tahadhari zaidi. Seli za kinga haziongezeki vizuri bila chuma, lakini vijidudu navyo vinakihitaji ili kuzaliana. Ndiyo maana wakati wa maambukizi ini hutoa homoni ya hepsidini, ambayo hukifungia chuma ndani ya seli ili vijidudu vikikose. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, Zanzibar, mahali palipokuwa na malaria nyingi. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kubagua nani anapungukiwa walilazwa na kufariki zaidi, hadi sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Kwa hiyo nasisitiza kipimo cha damu kwanza, na kwenye malaria, chuma kiende sambamba na kinga na matibabu ya malaria. Wajawazito wao wafuate utaratibu wa kliniki.

Seleni inatosha kwa mikrogramu 55 kwa siku. Samaki, mayai na nyama huitoa, na ikizidi sana nywele hunyonyoka na kucha huvunjika. Vitamini B6, B12 na folati hutumika seli za kinga zinapogawanyika. B12 haipatikani kwenye mimea isipokuwa iliyoongezwa kiwandani, kwa hiyo asiyekula chochote cha mnyama anahitaji kidonge kweli. Usisahau pia protini: kingamwili zenyewe ni protini, na asiyekula ya kutosha hatafidiwa na multivitamini.

Mwisho, dawa. Chuma na zinki hujishikiza kwenye antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, dawa isifyonzwe vizuri. Kunywa antibiotiki angalau saa mbili kabla ya madini hayo. Kidonge cha tezi ya shingo, levothairoksini, kitenganishwe na chuma kwa saa nne. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze vitamini E ya dozi kubwa, wala chochote chenye vitamini K, kabla ya kumwambia daktari anayemfuatilia damu.